Kuzunguka Usambara kwa Baiskeli, Mbali na Magari: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali huwa yaleyale. Baiskeli yangu ya mtumba itapanda Lushoto kweli? Barabara ya Mombo si imejaa mabasi? Nikifika Mtae nitalala wapi? Naweza kwenda peke yangu? Kila likizo yanarudi, na jibu la haraka haraka halimsaidii mtu aliyekwisha kukata tiketi. Hapa nimeyapanga kwa mfuatano wa safari yenyewe, kuanzia baiskeli ikiwa bado nyumbani.

Nazungumzia Usambara Magharibi, mkoani Tanga: Lushoto, Lukozi, Mtae, Mlalo na vijiji vya katikati yake. Ni safari ya siku tano au sita, mwendo wa polepole, kwa mtu mwenye afya ya kawaida anayeweza kuendesha saa tatu mfululizo kwenye tambarare. Kama hujafika hapo, fanya kwanza mazoezi ya wiki kadhaa nyumbani kwako. Mlimani si pa kujifunzia kubadili gia.

Jambo moja lishike mapema, maana hatua nyingi za chini zinatokana nalo. Usambara si pori. Watu wapo kila tuta, mashamba yamepanda hadi ukingo wa msitu, na kabichi, karoti na viazi vya huku vinashuka kila wiki kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Kwa hiyo magari yapo. Lakini yana saa zake, siku zake na barabara zake, na ukizijua unaweza kuendesha asubuhi nzima ukapishana na bodaboda chache tu. Utulivu huku hupangwa. Anayeusubiri kwa bahati atakula vumbi la Fuso.

VITU VYA KUWA NAVYO

Baiskeli. Yoyote yenye gia, fremu imara na breki mbili zinazoshika. Baiskeli za mlimani za mtumba zinafaa kabisa, na sioni sababu ya mtu kukopa ili anunue mpya. Phoenix ya gia moja utaziona nyingi zimebeba magunia na madumu, lakini wenyewe wanaijua kila kona na kusukuma kwao ni sehemu ya kazi. Wewe tafuta gia. Kinachoamua ni gia nyepesi kuliko zote: sproketi ndogo ya mbele iwe na meno 22 hadi 26, na kubwa ya nyuma iwe na 32 au 34. Yahesabu kwa kidole kabla ya kulipa. Kama ile ndogo ya mbele ina meno 38, muda mwingi utakuwa unasukuma.

Tairi. Ukiweza kuchagua, chukua rimu ya inchi 26, tairi lenye upana wa karibu inchi 2 na meno ya wastani. Saizi hiyo ni rahisi kuipata kwa mafundi wa huku. Ya inchi 29 usiitegemee. Ukija nayo, beba tyubu mbili za akiba. Vali iwe ile nene inayofanana na ya pikipiki, kwa sababu penye bodaboda hapakosi mtu wa pancha, na mtu wa pancha ana pampu ya vali hiyo. Vali nyembamba ya baiskeli za mashindano itakuacha na pampu yako peke yake.

Breki. Za waya, hata kama ni za diski. Waya ukikatika fundi wa kijijini anaubadilisha chini ya mwembe; breki ya mafuta ikivuja, safari yako imekwisha. Leta mipira mipya ya breki seti moja, na waya mbili za akiba, mmoja wa breki na mmoja wa gia.

Vifaa vingine vitoshe kwenye mfuko mmoja mdogo:
- pampu, viraka, solusheni ambayo haijafunguliwa, na vijiti vya kuvulia tairi
- spana za L za saizi zote zilizoko kwenye baiskeli yako, pamoja na bisibisi
- kifaa cha kukatia cheni, na pini au kiungo cha akiba
- mafuta ya cheni na kitambaa kikuukuu
- mipira ya kufungia mizigo, ile inayokatwa kwenye tyubu kuukuu za gari. Kamba zote za dukani hazifui dafu kwa hii.

Mzigo wote, ukiacha maji, usizidi kilo 10. Uweke kwenye keria ya nyuma, chini na karibu na tairi, siyo mgongoni. Begi la mgongoni huchosha mabega kwenye mpando, na kwenye mteremko hukusukuma mbele.

Nguo. Koti la mvua, sweta na suruali ndefu. Watu wa Pwani huwa hawaamini hili mpaka usiku wa kwanza: Lushoto iko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, njia ya Mtae inapanda juu ya hapo, na kati ya Juni na Agosti baridi ya alfajiri inauma kwelikweli. Kama unavaa zile kaptura za kubana za waendesha baiskeli, vaa nyingine pana juu yake. Vijiji vingi huku ni vya watu wa dini, na utaingia madukani na vibarazani mwao.

Kofia ngumu, taa ya mbele na ya nyuma, kengele. Kitambulisho. Fedha taslimu za noti ndogo ndogo, maana wakala wa simu kijijini anaweza kukuambia hana floti, na mama wa chapati hana chenji ya 10,000. Ramani ya nje ya mtandao kwenye simu. Organic Maps inatosha, ipakue ukiwa bado na intaneti nzuri. Na chupa za maji za lita 2 kwa jumla.

HATUA

1. Chagua msimu kwanza, ndipo uombe likizo.

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri: barabara kavu, hewa ya baridi, ukungu asubuhi. Januari na Februari pia ni miezi mizuri, ila jua ni kali zaidi. Masika, Machi hadi Mei, usije. Udongo mwekundu wa huku ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kwenye madigadi, na baiskeli haizunguki tena hata kwa kusukuma. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana kwa mtu asiye na haraka, anayeweza kukaa kibandani nusu siku akisubiri barabara ikauke.

2. Ijaribu baiskeli ikiwa na mzigo wake wote, wiki mbili kabla.

Tafuta kilima chochote kilicho karibu nawe. Panda kwa gia nyepesi kuliko zote, kisha shuka ukifunga breki mara nyingi. Ukirudi, angalia mipira ya breki kwa karibu: ina vifereji vidogo vimechongwa kwa upana. Kama vifereji vimefutika, badilisha sasa. Pitisha kidole pembeni mwa rimu pale breki inaposugua. Ukisikia bonde, rimu imeliwa na haifai kwa mlima. Minya spoku mbili mbili kuzunguka gurudumu lote. Inayolegea kuliko wenzake, mpelekee fundi aikaze, usiikaze mwenyewe kama hujawahi.

Kosa la kawaida: kubadilisha cheni pekee na kuacha friweli ya zamani, yaani zile sproketi za nyuma. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, yaani kila mpando. Badilisha vyote viwili, au acha vyote viwili.

3. Panda na basi hadi Lushoto.

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu safari. Wanashuka Mombo kwenye barabara kuu, wanaona kibao cha kilometa 33 hadi Lushoto, wanasema ni lami, twende. Ni lami kweli, lakini ni karibu mita 1,000 za kupanda. Kati ya Mombo na Soni barabara ni nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kona baada ya kona, na mabasi, Kosta na malori ya mboga hayana njia nyingine. Uzuri wake utauona dirishani.

Kutoka Dar es Salaam na Tanga kuna mabasi yanayofika Lushoto moja kwa moja. Ukitoka Arusha au Moshi, shuka Mombo ubadilishe gari. Elewana na wenye gari bei ya baiskeli kabla haijapakiwa, ufuate tiketi yake ya mzigo, kisha simamia mwenyewe inavyoingia kwenye buti. Vua gurudumu la mbele, geuza usukani uwe sambamba na fremu, upande wenye cheni uwe juu. Usiruhusu gunia lilazwe juu yake.

4. Siku ya kwanza usiende mbali. Nenda Irente.

Ni kilometa 5 hadi 6 kutoka Lushoto mjini. Njia inapanda katikati ya vijiji na mashamba hadi ukingoni, ambapo mlima unakatika ghafla na unaiona Mazinde chini kabisa, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Kuna shamba la Irente njiani wanakouza mkate, jibini na jemu vya kwao. Nunua vya kesho.

Siku hii ni ya mazoezi zaidi kuliko matembezi. Utajua kama kiti kiko juu ipasavyo (pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu), kama mzigo unayumba, kama gia zote zinaingia. Kasoro ikionekana, mafundi wa mjini wako karibu. Jioni zungumza na vijana wa ofisi za utalii wa utamaduni zilizoko mjini. Wanazijua njia, wanajua daraja lipi limeondoka na mvua, na kama uko peke yako wanaweza kukupa mwenyeji wa kuongozana naye.

Kwa wale wanaouliza kuhusu kwenda peke yao: barabara ya Lushoto hadi Mtae mchana ina watu muda wote, na mtu mzima makini, mwanamke au mwanamume, anaweza kuipita. Njia za msituni nashauri muwe wawili au mchukue mwenyeji. Hofu kubwa huko ni kuanguka mahali ambapo hapiti mtu na simu haishiki.

5. Pima siku kwa mpando, siyo kwa kilometa.

Fungua ramani, angalia mita za kupanda. Anayeanza, mwenye mzigo, asipange zaidi ya mita 800 za kupanda kwa siku, hata kama kilometa ni 25 tu. Kisha kokotoa hivi: kwenye barabara ya vumbi chukua saa moja kwa kila kilometa 8, halafu ongeza dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilometa 28 zenye mpando wa mita 700 ni saa tano na robo, bila chai. Ongeza saa moja na nusu ya mapumziko. Jua linazama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni mwaka mzima, na bondeni giza huingia mapema zaidi. Panga ufike kabla ya saa 10.

6. Yajue magari ya siku hiyo.

Hii ndiyo hatua inayonunua utulivu, na ndiyo inayorukwa. Mabasi ya vijijini huondoka alfajiri kwenda Lushoto na miji ya chini, kisha hurudi mchana kuelekea jioni. Bodaboda huwa nyingi watu wanapowahi shule na kazi. Katikati hapo, takriban kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 7 mchana, barabara hunyamaza. Ndizo saa zako. Kunywa chai taratibu, acha mabasi yaondoke, ndipo utoke.

Jambo la pili ni gulio. Kila mji mdogo una siku zake za soko, na siku hiyo malori na Kenta hupanda tangu usiku. Usikisie, muulize mwenye gesti jioni: "Kesho na keshokutwa gulio liko wapi?" Kama liko unakokwenda, una njia mbili. Ahirisha kwa siku moja, au fika huko jana yake ulale, uamke gulioni kwa miguu. Mimi nachagua ya pili kila ninapoweza. Kusimama katikati ya marundo ya karoti zilizooshwa, viazi na matunda ya baridi ambayo Pwani hatuna, ni sehemu ya safari, ila si kwa kusukumana na lori kwenye kona.

Na ulizia wapi wanachonga barabara. Greda likipita, siku mbili za kwanza kuna kifusi laini ambacho tairi linazama ndani yake.

7. Lushoto hadi Lukozi.

Unatoka mjini kwa kupanda kuelekea Magamba, na mpando ni mrefu. Baada ya njia panda ya Magamba chukua barabara ya Malindi, Lukozi na Mtae. Hapa unapita pembeni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba: miti mirefu, kivuli, hewa yenye unyevu. Simama, zima simu, tazama juu. Mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu, husikika kabla ya kuonekana. Kupita barabarani ni kupita tu. Lakini ukitaka kuingia njia za ndani ya hifadhi, ulizia kwanza ofisi ya hifadhi, kuna kiingilio chake.

Kupanda kuna kanuni chache. Badili gia kabla mguu haujawa mzito, ukiwa bado unazungusha. Ukisubiri hadi ukakanyaga kwa nguvu zote, cheni ndiyo inayokatika. Kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, tazama mita 10 mbele yako na siyo kilele. Ukiona huwezi kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Na ukishindwa, shuka usukume bila kuona haya. Kuna mapando huku ambayo kila mtu anasukuma.

Onyo juu ya maji: usinywe wala kujaza chupa kwenye mifereji na vijito vinavyopita chini ya mashamba ya mboga, hata ukiwa na dawa ya kutibu maji. Dawa hiyo inaua vijidudu. Viuatilifu vinavyopulizwa kwenye kabichi na nyanya haiviondoi. Jaza gesti, mgahawani, au nunua dukani.

8. Lukozi hadi Mtae, kupitia Manolo na Sunga.

Lushoto hadi Mtae ni yapata kilometa 60, ndiyo maana nashauri ulale katikati. Baada ya Lukozi magari yanapungua na barabara inafuata migongo ya milima, kupanda na kushuka bila kukoma. Siku hii inachosha kuliko inavyoonekana kwenye ramani, kwa hiyo kula kabla hujasikia njaa: maandazi, ndizi, viazi vya kuchemsha, chochote kinachouzwa njiani.

Ukikaribia Mtae ardhi inaisha pande mbili. Chini ni nyika ya Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, na jioni hewa ikiwa safi unaona mbali mno. Lala hapo au Mambo, kijiji jirani, na ukae siku nzima ya pili bila baiskeli. Miguu inahitaji, na mahali penyewe panastahili.

9. Kushuka: jifunze kabla ya mteremko mrefu wa kwanza.

Watu wanaogopa kupanda, lakini wanaumia kwenye kushuka. Breki ya rimu ikishikiliwa muda mrefu hupasha rimu moto. Solusheni ya kiraka hulainika, kiraka huachia, na tairi la mbele linaisha upepo ukiwa katikati ya kona. Fanya hivi:

Punguza mwendo kwenye mstari ulionyooka, kabla ya kona, kwa breki zote mbili. Ingia kwenye kona ukiwa umeziachia au umezigusa tu. Kwenye changarawe breki ya mbele iwe nyepesi. Ikifunga gurudumu ndani ya kona, unakwenda chini bila kupata nafasi ya kutoa mguu. Lakini usiikimbie breki ya mbele kabisa. Anayetumia ya nyuma peke yake anaburuza tairi, anachimba barabara, na hasimami.

Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, acha upepo upoze, bana tena. Sogeza makalio nyuma ya kiti, pedali zote mbili ziwe usawa mmoja, mikono ilegee kidogo kwenye viwiko. Vidole viwili vibaki kwenye breki muda wote.

Kila dakika 10 simama. Dondoshea rimu au diski tone la maji. Likichemka, kaa chini unywe na wewe mpaka ipoe. Usiguse diski kwa kidole.

Shika kushoto kwako, na kila kona usiyoiona upande wa pili ichukulie kuwa ina gari. Piga kengele. Anayekuja amebeba kuni au ndoo kichwani hana namna ya kugeuza shingo haraka. Simama, mpe upande salama wa njia, wewe ukae upande wa bonde ukiwa umeshuka kwenye baiskeli.

10. Malazi na salamu.

Lushoto gesti ni nyingi. Lukozi, Mtae na Mlalo zipo za kawaida: kitanda, chandarua, ndoo ya maji ya moto ukiomba mapema. Utaandikishwa kwenye daftari la wageni: jina, kabila, utokako, uendako, sahihi. Andika ukweli kwenye "uendako", kwa sababu ukichelewa hapo ndipo watakapoanzia kukutafuta. Mwombe mwenye gesti akuweke baiskeli ndani. Hakuna anayekataa.

Kijiji kisicho na gesti, nenda ofisi ya serikali ya kijiji au kwa mwenyekiti kabla jua halijazama, ujieleze wewe ni nani na unakwenda wapi. Usipige hema shambani kwa mtu bila kuomba.

Na salimia. Ukipita mtu mzima kibarazani, punguza mwendo, "Shikamoo mzee", "Shikamoo mama", kwa sauti ya kusikika. Muulize mwenye gesti akufundishe salamu ya asubuhi ya Kisambaa, uitumie siku nzima inayofuata. Anayepita kimya kimya na miwani myeusi huulizwa kama yuko kwenye mashindano. Anayesalimia huambiwa daraja la mbele limevunjika.

11. Kurudi kupitia Mlalo.

Kama miguu bado ina nguvu na una mwenyeji wa kukuongoza, kuna njia za kutoka upande wa Mtae kupita msitu wa Shagayu hadi Mlalo. Tegemea kusukuma na kubeba baiskeli sehemu kadhaa, na panga siku nzima. Malipo yake ni ukimya ambao barabarani huupati, na kisha Mlalo yenyewe bondeni, na nyumba zake za udongo za ghorofa zenye vibaraza vya mbao. Bila mwenyeji, rudi kwa barabara ya magari. Vijia vya msituni vinagawanyika bila kibao, na ramani ya simu haina vyote.

Kutoka Mlalo kuna barabara ya magari hadi Lushoto. Kutoka Lushoto kushuka Mombo, narudia, tumia basi.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Cheni inaruka kwenye mpando. Kwanza safisha, tope na nyuzi za majani zinatosha kuifanya iruke. Kama bado, geuza kile kiskrubu cha kukazia waya wa gia nusu mzunguko, jaribu, geuza tena. Ikiruka kwenye gia moja tu, iache gia hiyo utumie nyingine hadi Lushoto.

Cheni imekatika. Toa kiungo kilichoharibika, unganisha iliyobaki. Itakuwa fupi kidogo, hivyo usitumie sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja.

Pancha zinarudia mahali palepale. Kuna mwiba au kipande cha waya bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani kikizunguka. Kitanasa ambapo kidole hakioni, na kidole hakichomwi. Kama matundu ni mawili yanayolingana kama alama ya kung'atwa, tatizo ni upepo mdogo: tyubu inabanwa na rimu kwenye mawe. Jaza zaidi.

Tairi limechanika ubavuni. Weka ndani kipande cha tyubu nene au cha mfuko wa unga uliokunjwa mara kadhaa, jaza upepo wa wastani, nenda polepole hadi kwa fundi.

Breki inapiga kelele. Futa rimu kwa kitambaa na maji ya sabuni. Usiweke mafuta mahali popote karibu na breki. Kelele ya chuma kusagana ni jambo lingine: mpira umekwisha, simama hapohapo ubadilishe.

Spoku imekatika. Izungushie kwenye spoku ya jirani isinase, legeza breki ya gurudumu hilo kama inagusa, hamishia mzigo kidogo upande wa pili. Unaweza kufika mjini hivyo. Zikikatika mbili karibu karibu, usiendelee kuendesha.

Goti linauma kwa mbele. Mara nyingi kiti kiko chini mno, au unakanyaga gia nzito. Pandisha kiti kidogo kidogo. Misuli ya paja ikibana, shuka, tembea, kunywa maji na kitu chenye chumvi.

Mvua imeshika. Ukiona wingu zito, tafuta kibanda kabla halijafika. Barabara ikishalowa, vua madigadi kama yanajaa tope, punguza upepo wa tairi kidogo, na kwenye miteremko tembea. Saa mbili za jua mara nyingi zinatosha barabara kushika tena.

Umepotea. Usishuke bondeni kutafuta njia, utalipa kwa kupanda tena. Rudi hadi nyumba ya mwisho uliyoiona, ulize watu wawili tofauti. Uliza "njia ya baiskeli", maana ukiuliza njia tu unaweza kuelekezwa mkato wa miguu wenye ngazi za udongo.

Giza limekukuta. Simama kijiji chochote kilicho karibu, eleza hali yako, hata kama zimebaki kilometa 4. Mteremko wa changarawe haushukiki kwa taa ya simu.

Nguvu zimekwisha kabisa. Kaa barabarani kabla ya basi la mchana, punga mkono. Baiskeli hupanda kwenye keria juu ya paa: ilaze, funga fremu kwa mipira yako mwenyewe sehemu tatu, vua chupa na taa, na usifunge kwa kupitisha mpira kwenye spoku. Nauli ya mzigo muulize kondakta kabla hajapiga bodi gari kuondoka.